Boethius, Mfungwa Aliyewavusha Wagiriki



Wiki chache zilizopita nilitumwa kwa utume wa mwisho wa wiki katika parokia moja, na baada ya Misa nikakaa na vijana tukawa tunaongea habari za watakatifu walei. Nikamtaja Boethius. Nikaeleza kwa kifupi: Mrumi, mtu wa ndoa, baba wa wana wawili, aliuawa mwaka 524, na kitabu alichokiandika akisubiri kifo kilisomwa Ulaya kwa miaka elfu moja. Dada mmoja akauliza kama kitabu hicho kinamtaja Yesu. Nikajibu kwa ukweli kwamba hapana, jina la Yesu halimo hata mara moja. Akashangaa. Akataka kujua huyo ni mtakatifu wa namna gani, mtu yuko karibu kufa anamkumbuka Plato badala ya Bwana wake. Wenzake wakacheka, mimi pia nikacheka, lakini kusema kweli sikuwa na jibu. Na mimi ndiye frateri mwenye digrii ya falsafa!

Nimekaa na swali lile. Naona haliwezi kujibiwa bila kusimulia maisha yake tangu mwanzo, basi twende pamoja.

Boethius alizaliwa Roma mnamo mwaka 480. Miaka minne tu kabla yake, mwaka 476, jemadari Odoacer alimwondoa madarakani Romulus Augustulus, kijana aliyekuwa kaisari wa mwisho upande wa Magharibi. Shuleni tulifundishwa kwamba hapo Dola la Roma lilianguka. Lakini ungekuwa unaishi Roma wakati ule, huenda usingeona kitu kikianguka kwa kishindo. Seneti iliendelea kukutana, konsuli aliteuliwa kila mwaka, watu walikwenda sokoni. Kilichokuwa kinakufa kilikufa polepole, na wengi hawakukiona. Kilikuwa ni Kigiriki.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Warumi waliwashinda Wagiriki kwa silaha, halafu wakakaa chini kama wanafunzi wao. Familia tajiri za Roma zilikuwa na walimu Wagiriki nyumbani, wengine wakiwa watumwa. Cicero alikwenda kusoma Athens, akarudi na kuanza kutafuta maneno ya Kilatini kwa mambo ambayo Kilatini hakikuwa na maneno yake. Kwa karne nyingi msomi wa Roma alikuwa mtu wa lugha mbili. Na ndiyo maana, ajabu, hakuna aliyejisumbua kuwatafsiri Plato na Aristotle kikamilifu kwa Kilatini. Ya nini kutafsiri kitabu ambacho kila msomi anakisoma kwa lugha yake ya asili? Halafu taratibu wasomaji wakapungua. Mtakatifu Augustino mwenyewe alikiri kwamba utotoni alikichukia Kigiriki, na vitabu vya wafuasi wa Plato vilivyomsaidia sana alivisoma katika tafsiri. Kufikia siku za Boethius, mtu wa Magharibi aliyeweza kumfungua Aristotle na kumwelewa alikuwa adimu. Vitabu vipo rafuni, ila mlango umefungwa.

Baba yake Boethius alikuwa konsuli mwaka 487, akafariki mtoto akiwa bado mdogo. Akachukuliwa na kulelewa na Symmachus, seneta Mkatoliki aliyependa sana vitabu. Cha kufurahisha ni kwamba mmoja wa mababu wa huyu Symmachus, mwenye jina hilohilo, ndiye yule mpagani mashuhuri aliyeshindana na Mtakatifu Ambrosi mwaka 384 kuhusu kurudisha altare ya mungu mke wa Ushindi katika Seneti. Kwa hiyo kijana alikulia katika ukoo ambao wazee wake walipigana na Kanisa na wajukuu wakapiga magoti ndani yake, bila kuvitupa vitabu vya wazee. Baadaye alimwoa Rusticiana, binti wa Symmachus.

Mtawala wa Italia kwa wakati huo alikuwa Theodoric, mfalme wa Wagothi. Msimfikirie kama mshenzi wa kwenye sinema. Tangu utoto, kwa miaka kama kumi, aliishi Konstantinopoli kama mateka wa amani, akaijua dunia ya Kigiriki kutoka ndani. Ni kweli pia kwamba mwaka 493 alimuua Odoacer kwa mkono wake katika karamu pale Ravenna. Wagothi walikuwa Wakristo, lakini Waario, yaani hawakukubali kwamba Mwana ni sawa na Baba. Walikuwa na Biblia kwa Kigothi, iliyotafsiriwa katika karne ya 4 na askofu Ulfila, ambaye ilibidi kwanza aitungie lugha hiyo alfabeti, akichukua herufi nyingi kutoka Kigiriki. Hadi leo Ravenna kuna sehemu mbili za kale za ubatizo, moja ya Wakatoliki na nyingine ya Waario, na ukitazama juu darini, zote mbili zina picha ya mozaiki ya Yesu akibatizwa Yordani, zinafanana sana. Nikiziona picha zake huwa nawaza kwamba mafundi walielewana kuliko wanateolojia.

Sasa, Boethius akiwa na umri wa miaka kama 27, mfalme alimletea kazi. Gundobad, mfalme wa Waburgundi, alikuwa ameomba saa: moja ya jua na nyingine ya maji. Barua ya kumwagiza Boethius azitafute ipo hadi leo, iliandikwa na Cassiodorus kwa niaba ya Theodoric. Wazo lilikuwa kwamba watu wa kule wakiona chombo kinachopima saa hata jua lisipoonekana, wataheshimu Italia. Wakati huohuo Clovis, mfalme wa Wafaranki, aliomba mpiga kinubi, na Boethius akaagizwa achague anayefaa. Alikuwa tayari ameandika kuhusu hesabu na muziki, akiwafuata Wagiriki. Kwa hiyo hesabu za Wagiriki zilipita kwa Mrumi Mkatoliki, kwa amri ya Mgothi Mwario, zikaishia kwa mfalme wa Waburgundi. Hivyo ndivyo tamaduni zinavyopeana vitu: kwa zawadi, kwa siasa, kwa kutaka kujionyesha. Si lazima nia iwe safi.

Lakini nia ya Boethius mwenyewe ilikuwa kubwa kuliko saa. Akiwa bado kijana aliweka mpango ambao ukiusikia unapata kizunguzungu. Atatafsiri vitabu vyote vya Aristotle atakavyovipata. Atatafsiri mazungumzo yote ya Plato. Ataviandikia ufafanuzi. Halafu ataonyesha kwamba wazee hao wawili, wanaodhaniwa kupingana karibu kila mahali, katika mambo makuu wanakubaliana. Peke yake! Bila chuo, bila timu, na huku akiwa na majukumu ya seneta.

Alianza na mantiki, yaani sanaa ya kufikiri bila kujidanganya. Kitabu cha kuanzia kilikuwa utangulizi wa Porphyrius, na hapa naomba msimame kidogo. Porphyrius alikuwa adui wa Wakristo, aliandika vitabu kutupinga. Boethius alilijua hilo. Hata hivyo alimfafanua mara mbili: mara ya kwanza akitumia tafsiri ya mtu mwingine, Marius Victorinus, na alipoona haimtoshi akatafsiri upya mwenyewe na kuanza tena. Halafu akaendelea na vitabu vya mantiki vya Aristotle. Tafsiri zake ni ngumu, neno kwa neno, hazina madaha. Alisema wazi kwamba anachotafuta ni ukweli wa maana na si uzuri wa maneno. Mimi nilipozikuta kwenye masomo nilisinzia, nakiri.

Matunda yake yalionekana mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Mnamo mwaka 512 au 513 barua ilifika Roma kutoka kwa maaskofu wa Mashariki kuhusu Kristo: je, yeye ni wa asili mbili, au katika asili mbili? Kulikuwa na mkutano. Boethius alihudhuria akiwa mlei, akakaa mbali kidogo na wakubwa. Alisimulia baadaye, akimwandikia shemasi Yohane, kwamba watu walipiga kelele juu ya asili na nafsi na hakuna aliyesimama kueleza maneno hayo yana maana gani. Alikasirika, lakini akanyamaza, akiogopa kuonekana kichaa kati ya vichaa. Akaenda nyumbani na swali. Akalitafuna.

Kilichotoka ni maana ya neno nafsi ambayo kila mseminari anaikariri: kitu kimoja kinachosimama chenyewe, kisichogawanyika, chenye asili ya akili. Alieleza kwamba neno la Kilatini, persona, lilitoka kwenye michezo ya jukwaani, kwa ile barakoa ya mwigizaji, na Wagiriki walikuwa na neno kama hilo. (Barakoa sote tunazijua tangu korona.) Sasa neno la kufunika uso likawa neno la kutaja kile kilicho cha ndani kabisa katika mtu. Kristo ni nafsi moja katika asili mbili. Mungu mmoja, Nafsi tatu. Ukiwa kwenye katekisimu na ukasema Nafsi tatu kwa Kiswahili, unatumia neno lililotoka Kiarabu kubeba wazo ambalo Wagiriki na Walatini walilipigania kwa karne kadhaa. Na Thoma wa Akwino alipofika kwenye swali la Nafsi za Mungu, alianza na maana hiyohiyo ya Boethius.

Wakati huo ngazi ilikuwa inapanda. Mwaka 510 alikuwa konsuli. Mwaka 522 wanawe wote wawili, Symmachus na Boethius, waliteuliwa makonsuli kwa pamoja wakiwa bado wadogo. Baba akasimama uwanjani kati yao mbele ya umati, akatoa hotuba ya kumsifu mfalme. Kisha akapewa kazi ya kuongoza ofisi zote za ikulu, kama tungesema Katibu Mkuu Kiongozi. Nadhani hapo alikosea, na wala hapakuwa na dhambi ndani yake. Aliamini kile Plato alichofundisha, kwamba mji utapona pale wenye hekima watakapotawala. Akaingia, akazuia wakubwa wasiwanyang'anye wadogo, akajijengea maadui.

Kulikuwa na jambo jingine lililozidi nguvu zake. Kwa miaka 35 Kanisa la Roma na la Konstantinopoli walikuwa wametengana, tangu 484. Mwaka 519 wakapatana. Kwa Wakatoliki ilikuwa furaha. Kwa Theodoric, mzee sasa na Mwario, ilikuwa hofu: maseneta wake Wakatoliki na kaisari wa Mashariki sasa wanasali pamoja, kesho si watapanga pamoja? Barua zilizovuka bahari, zilizokuwa za kawaida, zikaanza kunuka uhaini.

Seneta Albinus akashtakiwa kwamba alimwandikia Kaisari Justin dhidi ya mfalme. Mshtaki alikuwa Cyprianus, ofisa wa ikulu. Pale Verona, mbele ya mfalme, Boethius alisimama akasema kwamba mashtaka ni ya uongo, na kama Albinus ana hatia, basi na yeye anayo, na Seneti nzima. Alifikiri anamwokoa mwenzake. Kumbe alijitia kitanzi. Cyprianus akamwongeza jina lake kwenye shtaka. Zikaletwa barua ambazo Boethius alisema ni za kughushi. Wakaongeza kwamba alijihusisha na uchawi, kwa sababu mtu anayekesha na vitabu vya Wagiriki na kuhesabu nyota anafanya nini kingine? Na lililomuuma zaidi: Seneti ile aliyoitetea ndiyo iliyomhukumu, yeye akiwa mbali, bila kusikilizwa. Nafasi yake ofisini ikachukuliwa na Cassiodorus, yule mwandishi wa barua ya saa. Cassiodorus baadaye alianzisha monasteri na kuokoa vitabu vingi, Mungu ambariki, lakini sehemu hiyo ya maisha yake hunikera.

Boethius akafungwa Pavia, kaskazini mwa Italia. Akiwa na miaka 44 hivi, ana mke, watoto, mpango wake wa maisha haujafika hata nusu. Plato hajaguswa. Hapo ndipo aliandika Faraja ya Falsafa.

Kitabu kinaanza vibaya, yaani na mtu anayelia. Amekaa anatunga mashairi ya kujihurumia. Akaja mama mmoja, mzee na kijana kwa wakati mmoja, kimo chake mara cha binadamu, mara kinagusa mbingu. Vazi lake limefumwa kwa ustadi ila limechanwachanwa na watu walionyakua vipande na kuondoka wakidhani wamempata wote. Juu yake kuna herufi mbili za Kigiriki. Ni Falsafa. Wala hakuanza na kumbembeleza. Aliwafukuza wale waimbaji wa huzuni, akamfuta machozi macho kwa pindo la vazi lake, akaanza kumuuliza maswali kama daktari. Alimkumbusha kwamba gurudumu la bahati huzunguka, ndiyo kazi yake, na aliyekubali kupanda nalo hawezi kulilaumu likishuka. Akamuuliza alichopoteza kilikuwa chake kweli? Cheo? Mali? Kidogo kidogo anamtoa kwenye vitu vyema vingi hadi kwenye wema wenyewe, ambao ni Mungu. Katikati ya kitabu wanasimama na kusali.

Sehemu ya mwisho ni ile inayotusumbua sote: kama Mungu anajua kila nitakachofanya, niko huru kweli? Jibu lake ni kwamba Mungu hatazami mbele kama sisi. Kwake hakuna jana wala kesho, yote yako mbele yake kwa pamoja, sasa. Ukimwona mtu anatembea barabarani wakati jua linachomoza, unaviona vyote viwili, lakini kuona kwako hakumlazimishi yule mtu atembee. Jua halina hiari, yeye anayo. Na kwa sababu hiyo, anasema, kusali na kutumaini si kazi bure. Mfungwa aliyehukumiwa ndiye anayeandika hivyo.

Sasa swali la dada yetu. Kwanza, hayuko peke yake. Wasomi wengi walijiuliza kama Boethius alikuwa Mkristo kweli, na kama zile risala za Utatu ni zake. Mwaka 1877 Hermann Usener alichapisha kipande cha maandishi ya Cassiodorus kinachothibitisha kwamba Boethius aliandika juu ya Utatu Mtakatifu. Basi shaka hiyo iliondoka, ila kimya cha kitabu kikabaki.

Mimi naona hivi. Boethius alijua tofauti ya njia mbili, ya imani na ya akili, na maisha yake yote alikuwa amesema kwamba akili inaweza kufika mbali. Gerezani alijipima. Je, yale niliyoyabeba kutoka kwa Wagiriki ni pambo la msomi mwenye maktaba nzuri, au yanasimama hata maktaba ikichukuliwa? Akaandika hadi mahali ambapo akili inaishia, nako ni magotini. Papa Benedikto XVI, katika katekesi yake ya Machi 2008, alimtazama kama mfano wa wote waliofungwa bila hatia, na kama mlango wa kumtafakari Msulubiwa. Naipenda njia hiyo. Lakini sitaficha: natamani angemtaja. Hata mstari mmoja tu.

Aliuawa mwaka 524. Simulizi moja ya zamani inasema alifungwa kamba kichwani ikakazwa, kisha akapigwa rungu. Baba mkwe wake Symmachus aliuawa baada yake. Mwaka 526 Papa Yohane I, aliyelazimishwa na Theodoric kwenda Konstantinopoli kwa niaba ya Waario, alirudi akatiwa kifungoni na kufa Ravenna. Wengi wanaamini ndiye yule shemasi Yohane. Mfalme naye akafa mwaka huohuo.

Kwa karibu miaka 600, Aristotle aliyesomwa Magharibi alikuwa ni vile vitabu vichache vya mantiki vya Boethius. Wakati huohuo upande wa Mashariki, Wakristo wa lugha ya Kisiria walimvusha Aristotle hadi Baghdad kwa Kiarabu, na katika karne ya 12 njia hizo zikaanza kukutana, pale Wazungu walipotafsiri tena kutoka Kiarabu na Kigiriki. Walikuwa na maneno tayari ya kumpokea, maneno ya Boethius. Faraja ilitafsiriwa kwa Kiingereza cha kale katika jumba la Mfalme Alfred. Na lililonigusa kuliko yote: mwishoni mwa karne ya 13 Maximos Planudes, mtawa wa Konstantinopoli, alikitafsiri kwa Kigiriki. Mtu aliyetumia maisha yake kuwavusha Wagiriki, naye akavushwa kwao.

Mwaka 1883 Papa Leo XIII alithibitisha heshima ambayo watu wa Pavia walikuwa wakimpa kama mtakatifu. Sikukuu yake ni 23 Oktoba. Mabaki yake yako chini ya altare, katika kanisa la San Pietro in Ciel d'Oro, kanisa lilelile lenye mabaki ya Augustino, ambaye Kigiriki kilimshinda.

Dada yule amenitumia ujumbe, anataka kukisoma kitabu mwenyewe. Kwa Kiswahili sijakiona, basi nimeanza kumwandalia kurasa chache. Nimekwama mapema, kwenye neno fortuna. Nikiandika bahati, inasikika kama kushinda mchezo. Majaliwa tayari lina Mungu ndani, na yeye alikuwa bado hajafika huko. Nasibu naona ni la karibu zaidi, ila nikimsomea mama yangu anauliza ndiyo nini. Kwa sasa nimeandika bahati kwa penseli.